Mpwa Wangu na Visiwa Vyake

Kabla ya kusoma hata neno moja, mpwa wangu hukivika kitabu jalada. Hutandika karatasi ya kaki juu ya mkeka, hukiweka kitabu katikati, hupima vidole vitatu kila upande, kisha hukunja na kupitisha ukucha wa kidole gumba juu ya kunjo mpaka karatasi ilale. Penye mgongo wa kitabu hukata ndimi mbili kwa wembe na kuzichomeka ndani. Hatumii gundi. Anasema gundi huliharibu jalada la kwanza, na jalada la kwanza si lake peke yake, ni la atakayekuja kulifunua baada yake.

Ilikuwa likizo ya Desemba, tuko Pangani kwa mama yangu, ambaye kwa mpwa wangu na mdogo wake ndiye Bibi. Nilikuwa nimebeba kazi zangu kwenye begi na sikuzigusa sana. Kila asubuhi nilijikuta nimekaa barazani kimya, namtazama msichana wa kidato cha tatu akisoma, kama utotoni nilivyokuwa nikikaa ufukweni kuwatazama mafundi wakikalafati majahazi.

Kitabu kilikuwa cha mtumba, kimenunuliwa kwa wauza vitabu wa kando ya barabara jijini Dar es Salaam: A Wizard of Earthsea cha Ursula K. Le Guin, mwandishi wa Marekani, kilichotoka mwaka 1968. Mgongo wake ulikuwa umeshapasuka. Zana za kukisomea ni chache na kila moja ina mahali pake. Kuna kaunta buku la kwaya mbili, lililogawanywa kwa rula: mbele majina, katikati maneno, nyuma ramani. Kuna penseli mbili, moja kali ya kuandikia na moja butu ya kutia nukta pembeni mwa ukurasa. Kuna kifutio, na kamusi mbili za TUKI, ile ya Kiingereza–Kiswahili na ile ya Kiswahili Sanifu. Kalamu ya wino haikaribii mkeka ule.

Huenda mtu akauliza hadithi ya kujifurahisha inahitajiaje zana zote hizo. Huyu ni mtoto aliyesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, kama watoto wengi wa shule za serikali Tanzania, akaingia kidato cha kwanza na masomo karibu yote yakageuka Kiingereza. Wengi huikubali lugha hiyo kwa ajili ya mitihani tu na kuiacha pale pale. Yeye aliamua kuingia nayo misituni na baharini. Anajua kwamba njia yake ni ndefu kuliko ya msomaji wa London, na hana haraka nayo.

Huanza na ramani. Le Guin mwenyewe alichora ramani ya visiwa vyake kwanza, kabla hajajua nani anaishi wapi, na kitabu kinaifungua mbele ya msomaji visiwa vyote vikiwa vimetapakaa. Mpwa wangu huitazama muda mrefu, kisha huifunika. Nyuma ya kaunta buku huanza ya kwake, na kanuni yake ni moja: kisiwa hakichorwi mpaka hadithi ikifike. Siku ya kwanza ukurasa mzima ulikuwa mweupe, na juu kulia pana kisiwa kimoja tu, Gont, chenye mlima mmoja na mbuzi watatu wadogo kama punje za mchele, kwa kuwa hapo ndipo alipozaliwa mchunga mbuzi ambaye ndiye mwenye hadithi. Siku ya nne kikaja Roke, penye shule. Kati yake na Gont aliacha bahari tupu, akaitazama kwa mbali, akafuta Roke, akaisogeza chini kidogo. Nilimuuliza kama alikosea. Akaniambia, “Hapana, Mjomba. Nilipoichora sikuwa nimeelewa kwamba ni mbali vile.”

Kitabu kina sura 10, naye huipa kila moja siku mbili. Siku ya kwanza husoma bila kamusi kabisa. Neno likimzuia, huweka nukta pembeni kwa penseli butu na kupita. Mkono haukimbilii kamusi, na mimi ninayefahamu ugumu wa kuuzuia mkono ule nilistaajabu zaidi hapo kuliko mahali pengine. Siku ya pili hurudi mwanzoni mwa sura. Nukta nyingi sasa hufutwa, maana sentensi ya mbele imeshalieleza neno la nyuma. Zinazobaki, kwa kawaida sita au saba, ndizo zinazopelekwa kwenye kamusi na kuandikwa katikati ya kaunta buku, neno, maana, na ukurasa lilipokutwa. Akimaliza hupuliza vumbi la kifutio, hufunga kitabu, huweka jiwe dogo la pwani juu yake.

Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili huja baada ya isha. Bibi hukaa na ukindu wake akisuka ukili, mdogo mtu wa darasa la nne hujilaza kifudifudi, na dada yake huwasimulia sura aliyoisoma, kwa Kiswahili. Hatafsiri mstari kwa mstari. Kitabu hata hakifungui. Lakini mchana wote amekuwa akiandaa usiku ule, na maandalizi yenyewe ni ya kutafuta maneno.

La kwanza lilimla siku mbili nzima. Huyu mchunga mbuzi anakuja kuwa nani? Kamusi ilitoa mchawi. Akaliandika, akalikata. Kwa Bibi, mchawi ni mtu anayeua watoto wa jirani, na hadithi ingekufa usiku wa kwanza. Akajaribu mganga, lakini mganga hutibu, na kijana huyu katika sura za mwanzo hatibu mtu. Anaita upepo, anatengeneza ukungu, anajisifu. Mlozi lilikuwa baya kuliko mchawi. Nilimwona akirudi kwenye kitabu chenyewe na kujiuliza watu hawa hasa wanafanya nini. Wanajifunza majina. Kila kitu katika visiwa vile kina jina la kweli, jiwe, wimbi, mwewe, na anayelijua jina hukiamuru kitu. Basi nguvu yao ni kujua. Chini ya maneno matatu yaliyokatwa akaandika mjuzi, na usiku ule Bibi alilisikia likipita bila kuinua macho kutoka kwenye ukili. Ndivyo fundi anavyojua kwamba ubao umekaa.

Majina ya kijana mwenyewe yalikuja kwa urahisi zaidi, na moja lilikuja kama zawadi. Mama yake alimwita Duny. Hilo akalieleza kuwa la nyumbani, na kila mtoto wa Kitanzania mwenye jina la nyumbani na jina la shule alikuwa ameshaelewa. Jina la kweli, Ged, alipewa siku alipotimiza miaka 13, alipovuka maji baridi ya mto akiwa mtupu na mjuzi Ogion akamshika mkono upande wa pili na kumnong'oneza. Bibi alisema jando ni jando, akasuka. Lakini jina linalotumika mbele za watu ni la ndege, na ndege yule kwa Kiswahili anaweza kuitwa kipanga. Mdogo mtu aliketi ghafla. “Kwa hiyo alikuwa kipanga kweli?” Shuleni kwao kipanga ni mwanafunzi mwenye akili kupita wote. Na kijana huyu ndivyo alivyo, ndiyo maana anapotea: anataka kuwaonyesha wenzake pale Roke kwamba hakuna asichokiweza, anamwita mfu, na kupitia ufa ule kinatoka kitu kinachomrarua uso. Le Guin hakuwa na habari na neno letu la shuleni. Mpwa wangu alilinyanyua na kuliweka mahali pake, neno moja likabeba ndege na majivuno kwa pamoja.

Kile kitu kilichotoka ndicho kilichomtaabisha. Kitabu kinakiita kivuli. Ila kwetu kivuli ni cha mwembe, ni pahali pa kupumzika, na Pangani mwezi wa Desemba hakuna neno tamu kuliko hilo. Alijaribu jini, na mdogo wake aliogopa vizuri sana, lakini asubuhi yake nikamwona amelikata. Jini hutoka nje, akaniambia, humpanda mtu au humwacha. Hiki kimetoka kwake mwenyewe. Pepo akalikataa kwa sababu hiyo hiyo. Mzimu akauweka mpaka jioni kisha akaufuta, maana hiki si cha mtu aliyekufa. Mwishowe akarudi kwenye kivuli na kukubali kufanya kazi ya ziada: neno likiwa halitishi lenyewe, basi lipangiwe njia. Usiku ule alianza kwa kusimulia kijana amesimama wima, hatikisiki, mwezi uko nyuma yake. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema kivuli chake kikainuka. Hakuongeza sauti. Mkono wa Bibi ulisimama katikati ya ukili, na mama yangu hasimamishi mkono kwa jambo dogo.

Baharini Bibi aligeuka mwalimu. Ged anamponya macho mzee mmoja, na mzee anampa mashua yake kwa ombi kwamba ibadilishwe jina na ichorwe macho mbele. Mpwa wangu alikuwa amelitafsiri jina hilo Tazama Mbali na alikuwa na wasiwasi nalo. Bibi alimtoa wasiwasi. Hilo ni jina la chombo hasa, alisema; vyombo huitwa Subira, huitwa Nia Njema, kwa nini kisiitwe Tazama Mbali? Na macho si ajabu, mitepe ya zamani ilikuwa na macho. Kisha akamsahihisha kuhusu tanga na upepo, akamweleza kwamba mtu peke yake hawezi kushika usukani na kulegeza demani huku amegeuka nyuma kutazama anayemfuata. Siku ya pili sehemu yote ile ya kaunta buku ilikuwa imefutwa na kuandikwa upya, karatasi imekuwa nyembamba kwa kifutio hata mwanga unapita.

Vitabu vingine vya likizo ile alivisoma kwa namna nyingine, kila kimoja kulingana na mti wake. Akata Witch cha Nnedi Okorafor, cha mwaka 2011, hakikuhitaji ramani. Mhusika wake mkuu, Sunny, anaishi Nigeria, masokoni na shuleni, na kila anapojifunza jambo kubwa vipande vya metali viitwavyo chittim vinamdondokea kutoka juu; mpwa wangu alitia alama ndogo kila vilipodondoka, akitaka kuona mwandishi anakihesabu nini kuwa elimu. Children of Blood and Bone cha Tomi Adeyemi alikisoma mbio, siku tatu, kisha akakirudia polepole kwa kuwa sura zake zinapokezana wasimulizi na mbio zilimchanganyia sauti. Northern Lights cha Philip Pullman alikiweka kando baada ya sura chache. Humo nafsi ya kila mtu hutembea nje yake katika umbo la mnyama, na ya mtoto hubadilika badilika mpaka anapokua, hapo hutulia katika umbo moja. Alisema anataka kukisoma taratibu zaidi ya nafasi aliyobaki nayo.

Kaunta buku la Ged lilikuwa na kitu kimoja alichokipenda kuliko vyote, nami nilikipenda pia. Katikati ya kitabu kijana anakimbia kivuli kisiwa hadi kisiwa, hadi Ogion anapomshauri ageuke. Sura ya sita ina jina la anayewindwa, ya nane la anayewinda. Mpwa wangu alikuwa ameyaandika juu ya kurasa mbili zinazotazamana, kwa herufi kubwa: KUWINDWA, na upande wa pili KUWINDA. Kiswahili kilimpa zamu ile yote kwa kuondoa w moja tu. Alinionyesha mwenyewe, na alikuwa hanionyeshi vitu mara nyingi.

Usiku wa mwisho umeme ulikuwa umekatika. Ged alikuwa ameshapita kisiwa cha mwisho, mashua ikiwa mahali ambapo hakuna ramani, na kivuli kiko mbele yake. Pale dada mtu alisimama, akamuuliza mdogo wake kivuli kile kinaitwaje. Mtoto alifikiri muda mrefu gizani, kisha akasema jina kwa sauti ndogo. Sitaliandika hapa kwa ajili ya ambaye hajakisoma. Alikuwa amepata.

Nilirudi Dar es Salaam na wao wakarudi shule. Wiki ya tatu ya Januari, kwa simu ya mama yake, alinitumia ujumbe. Shikamoo Mjomba. Amerudia kitabu tangu mwanzo, na amefuta KUWINDA. Mtu huwinda mnyama ili amuue, aliandika, na Ged mwishoni hakiui, anakikumbatia. Ingawa kitabu kinasema kuwinda, na ingawa ile w ilikuwa nzuri sana, ukurasa wa kulia sasa umeandikwa KUTAFUTA. Nilikuwa bado nausoma ulipoingia wa pili: mdogo wake amekubali, ila Bibi bado anasema kuwinda.