Mchezo Usiokufa na Mashine Yake

Fungua The Secret of Monkey Island, mchezo wa mwaka 1990, kwenye Miyoo Mini, kifaa kinachoenea kiganjani, na picha itatulia kana kwamba ilichorwa kwa ajili yake. Wachoraji wake walifanya kazi kwa pikseli 320 kwa 200, wakijua kwamba monita za enzi zile zingeirefusha picha kwenda juu mpaka ifikie uwiano wa nne kwa tatu. Skrini ya kifaa hiki ina pikseli 640 kwa 480, uwiano uleule. Nyuso hubaki na umbo lake, na hakuna mistari myeusi pembeni.

Ustadi mkubwa zaidi hauonekani. Mwaka 1987, Ron Gilbert na Aric Wilmunder walipokuwa wakitengeneza Maniac Mansion kwa kompyuta ya Commodore 64, hawakuufunga mchezo kwenye mashine hiyo. Walibuni mfumo wa SCUMM, ambao Monkey Island nao uliutumia: vyumba, mazungumzo na mafumbo hukaa kwenye mafaili ya peke yake, na programu ya pembeni huyasoma na kuyatekeleza. Kuuhamishia mchezo kwenye mashine nyingine, kazi kubwa ni kuiandika upya programu hiyo tu.

Mwaka 2001 Ludvig Strigeus na Vincent Hamm walianza kufanya hivyo hasa, wakaiita kazi yao ScummVM. Hawakuiga kompyuta ya zamani. Walichunguza jinsi programu ile ilivyosoma kila agizo, wakaandika nyingine yenye tabia zilezile, na watu wa kujitolea wameiendeleza tangu hapo. Kazi hii inadai subira, kwani agizo moja likisomwa vibaya, mlango haufunguki na hadithi inakwama. Mchezaji huleta mwenyewe mafaili ya mchezo; na kampuni ya Revolution iliruhusu mchezo wake Beneath a Steel Sky, wa mwaka 1994, ambao ScummVM pia huuendesha, kugawiwa bure.

Kisha kuna kazi ya kidole gumba. Kwenye Miyoo Mini kipanya hakipo, kwa hiyo kitufe cha mwelekeo husogeza kishale, kimoja hubofya, na kingine kinaweza kupangwa kupunguza mwendo pale unapotafuta kitu kidogo juu ya meza iliyojaa vitu. Mchezo wenyewe hauna haraka. Gilbert aliandika mwaka 1989 akipinga michezo inayomuua mchezaji bila sababu, na Monkey Island, mchezo wake, ulifuata imani hiyo. Kuna mahali pamoja tu pa kufa: Guybrush, shujaa wake, anaweza kuzuia pumzi kwa dakika 10, na ukimwacha chini ya maji mpaka muda huo upite, anakufa kweli. Kwingineko, fikiri utakavyo, mchezo unakungoja.

Anayetunga mchezo leo ana funzo hapa. Mashine itachakaa tu. Akiitenga hadithi na mashine tangu siku ya kwanza, amewaachia mafundi wasiozaliwa bado mahali pa kuanzia.