Mtunzi, Mnukuzi na Mizani: Nani Mwenye Diwani ya Muyaka?

Ni desturi ya wahakiki wa ushairi wa Kiswahili kuanza kazi yao kwa jina. Hutajwa jina la mtunzi, hutajwa mji wake na karne yake, kisha hufuata maelezo ya dhamira na fani kana kwamba jina lenyewe limekwisha kuthibitika. Ni nadra mhakiki kusimama na kuuliza jina hilo lilifikaje juu ya shairi, na ni nani aliyeliweka. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jina la mtunzi, hasa katika tungo zilizotangulia karne ya 20, ni hoja inayohitaji kuthibitishwa kama hoja nyingine yoyote ya kitaalamu. Mfano mkuu utakuwa tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, kwa kuwa ndizo zinazofundishwa zaidi na kuhojiwa kidogo zaidi.

Yafaa kwanza istilahi zitazamwe. Kiswahili hakina upungufu wa maneno katika jambo hili; upungufu umo katika matumizi. Neno "mwandishi" limebebeshwa mzigo mkubwa kupita kiasi. Kwa maana yake ya asili, mwandishi ni mtu anayeandika, awe anaandika maneno yake au ya mwenziwe; karani ni mwandishi, na mnukuzi wa utendi ni mwandishi vilevile. Mtunzi ni mwingine. Kutunga ni kupanga vitu katika uzi mmoja, kama shanga zitungwavyo, na mtunzi wa shairi ni yule anayeyatia maneno katika uzi wa vina na mizani. Huenda asiwe na kalamu wala wino. Ulipoingia utamaduni wa kitabu kilichopigwa chapa, kazi hizi mbili zilidhaniwa kuwa moja, na neno moja likachukua mahali pa mengine. Hapo ndipo mnukuzi, mkusanyaji, msimulizi na mfasiri walipoanza kupotea.

Muyaka aliishi Mombasa katika zama za utawala wa Mazrui, na inakadiriwa kwamba alifariki mnamo mwaka 1840. Hakuacha diwani. Mashairi yake yalidumu katika vifua vya watu wa Mombasa, yakiambatana na visa vya vita, vya biashara na vya mapenzi vilivyoyazaa. Takriban nusu karne baadaye, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, ambaye alifariki mwaka 1890, aliyakusanya na kuyafafanulia kwa W. E. Taylor, mmisionari wa Kiingereza aliyekuwa Mombasa. Karatasi za Taylor hatimaye ziliwekwa London. Mwaka 1940 William Hichens alizitumia kutoa Diwani ya Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, iliyopigwa chapa Johannesburg. Mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz alitoa mjini Nairobi uchunguzi wake juu ya Muyaka, akiyapanga upya mashairi hayo, akiyafasiri na kuyaeleza kwa kuzingatia historia ya Mombasa.

Kutoka kinywani mwa Muyaka hadi ukurasa wa kitabu pana, basi, mikono isiyopungua minne. Lakini jina kamili la kitabu cha mwaka 1940 linawataja watu wawili tu: Muyaka, ambaye diwani ni yake, na Hichens, aliyehadithia habari za maisha yake. Mwalimu Sikujua hayumo katika jina hilo. Mtu aliyejua ni mashairi yapi yalikuwa ya Muyaka, aliyejua neno lipi lilikuwa na maana ipi, na aliyejua kila shairi lilitungwa kwa sababu gani, amebaki nyuma ya pazia.

Hapana budi kusisitiza kwamba hili si suala la shukrani peke yake. Ni suala la ushahidi. Mhakiki anaposema kwamba shairi fulani ni la Muyaka, anachokisema hasa ni kwamba wazee wa Mombasa walilinasibisha na Muyaka, na kwamba Mwalimu Sikujua aliukubali unasibisho huo. Aidha, hati ya Kiarabu kama ilivyozoeleka kutumiwa pwani haikuwa ikitofautisha barabara irabu "e" na "i", wala "o" na "u". Kila aliyehamisha shairi kutoka hati hiyo kuingia hati ya Kirumi alilazimika kuchagua, na kila alipochagua alikuwa amegusa neno la mtunzi. Asiyemjua Sikujua hawezi kuupima uchaguzi huo.

Yawezekana kujibiwa kwamba kumbukumbu ya jamii ni shahidi wa kutosha, kwani shairi la malenga mashuhuri halisahauliki wala halipotezi mwenyewe. Jibu hili lina uzito, hasa kwa mashairi yaliyofungamana na tukio linalojulikana. Hata hivyo, kumbukumbu hiyohiyo ina tabia ya kuyavuta mashairi yasiyo na mwenyewe kuelekea jina kubwa. Fumo Liyongo ni mfano ulio wazi: tungo nyingi za kale za pwani ya kaskazini zimewekwa chini ya jina lake, na si rahisi kuamini kwamba zote zilitoka kwa mtu mmoja. Tena, mashairi mengi ya zama za Muyaka yalikuwa ya kujibizana. Mkusanyo wa Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff juu ya mashairi ya Vita vya Kuduhu, uliotolewa mwaka 1995, umeonyesha faida ya kuyasoma mashairi ya namna hiyo kama mazungumzo baina ya malenga wa Lamu na wa Mombasa. Shairi la kujibu huazima vina, maneno na hata mafumbo ya shairi linalojibiwa. Likitolewa katika mazungumzo hayo na kuwekwa peke yake katika diwani ya mtu mmoja, sehemu ya utunzi wake imefichwa.

Mapokeo yenyewe yalikuwa na njia zake za kulinda na kupima utunzi. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, unataja mwishoni idadi ya beti zake, nazo ni 102, pamoja na mwaka wa Hijra wa 1275. Hesabu hiyo si pambo. Ni kufuli: atakayeongeza au kupunguza ubeti atajulikana. Takhmisi nayo ni kipimo cha namna nyingine. Katika takhmisi ya Liyongo, ambayo kwa desturi hunasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, kila ubeti una mistari mitano. Miwili ni ya utungo wa awali na mitatu imeongezwa na mtunzi wa baadaye. Anayehesabu mistari atasema kwamba mwenye sehemu tatu kati ya tano ndiye mwenye utungo. Mapokeo hayakusema hivyo. Jina la Liyongo limebaki juu, kwa sababu mistari yake miwili ndiyo inayotawala kina, maana na mwendo wa ile mitatu. Wingi, basi, haukuwa kipimo cha utunzi.

Fundisho hili ni la maana katika zama ambazo utunzi umeanza kupimwa kwa takwimu. Mwaka 1964 Frederick Mosteller na David Wallace walichunguza makala za kisiasa za Marekani zijulikanazo kama Federalist, ambazo jumla yake ni 85. Kwa makala 12 zilizokuwa na mgogoro baina ya Hamilton na Madison, walihesabu maneno madogo ya kuunganishia, ambayo mwandishi huyatumia bila kuyafikiria, wakaona kwamba makala hizo zilielekea kwa Madison. Njia hiyo ilifaa kwa sababu maandishi yalikuwa nathari, lugha ilikuwa moja, na kila mmoja aliandika maneno yake mwenyewe. Katika shairi la Kiswahili hali ni tofauti. Kazi nyingi ya viunganishi hufanywa na viambishi vilivyo ndani ya neno. Mizani ya nane kwa nane humlazimisha mtunzi kuongeza au kudondosha neno dogo. Na mnukuzi wa Kiamu anaponakili shairi la Kimvita huenda akaligeuza kwa lahaja yake pasipo kukusudia. Atakayeyahesabu maneno ya diwani bila kuitenga mikono iliyopita humo huenda akampima Sikujua, au Hichens, akadhani amempima Muyaka.

Upungufu huohuo umo katika kuipima kazi ya kitaalamu. Mizani inayohesabu makala na vitabu, na kugawa alama kwa kadiri ya majina yaliyo juu yake, humpa uzito mwenye hoja mpya na kumpunja anayehariri mswada, anayekusanya tungo vijijini au anayetafsiri. Wanasayansi wamekwisha kuliona tatizo hili. Baadhi ya majarida yao yamekuwa yakitumia orodha ya majukumu 14, ili kila mtu atajwe kwa kazi aliyoifanya. Idara za lugha, ambazo zina maneno mtunzi, msimulizi, mnukuzi, mkusanyaji, mhariri na mfasiri tayari, hazina sababu ya kubaki nyuma. Mwanafunzi anayerekodi ngano kwa bibi kizee, akamtaja katika tasnifu kama "mhojiwa namba 7", anarudia yaliyomfika Mwalimu Sikujua.

Inapendekezwa, kwa hivyo, kwamba uhakiki wa tungo za kale utenge daraja tatu za utunzi: utunzi unaoshuhudiwa na utungo wenyewe, kama ule wa Mwana Kupona, utunzi unaoshuhudiwa na mtu anayejulikana, ambaye jina lake litajwe pamoja na la mtunzi, na utunzi unaotegemea desturi pekee, ambao uandikwe kwa neno "hunasibishwa". Kwa kipimo hiki sehemu kubwa ya Diwani ya Muyaka itaingia daraja la pili. Muyaka hatapungukiwa na kitu, kwani sauti yake itakuwa imepata shahidi. Na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, ambaye bila yeye mashairi mengi ya diwani hiyo yangalizikwa pamoja na wazee wa Mombasa, atakuwa amewekwa mahali anapostahili: katika ukurasa wa kwanza.