Mshairi Anakula Nini?

Sisi tuliomaliza kidato cha nne tukabaki mtaani na daftari kwapani, swali hili tunalijua: "Hivi wewe utakula mashairi?" Wanaouliza hawana ubaya, wanataka kuona unga ndani ya nyumba. Mwenzenu natamani kuandika riwaya, kwa hiyo swali hilo nimekwenda nalo kwa Shaaban Robert, katika vitabu vyake viwili: Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, na Wasifu wa Siti binti Saad.

Jibu la kwanza ni la tumbo. Shaaban alikula mshahara wa ukarani. Alianza forodhani mwaka 1926 akakaa huko hadi 1944, kisha akahamia ofisi nyingine za serikali. Mashairi aliyatunga humo humo katikati ya kazi, uhamisho na malezi. Utenzi wake wa Vita vya Uhuru una beti 3,000. Hebu piga hesabu, ndugu msomaji: mtu akitunga beti mbili kila siku bila kukosa, atahitaji zaidi ya miaka minne. Na utenzi wenyewe ulichapishwa mwaka 1967, mtunzi akiwa kaburini tangu 1962. Basi pesa haikuwa sababu ya kuutunga.

Jibu la pili ndilo lililonishika zaidi. Kalamu nayo hula, na Shaaban aliilisha vyakula asivyovizoea. Mwaka 1952 ilitoka tafsiri yake ya Omar Khayyam, Mwajemi wa kale anayesifu mvinyo na kuyatilia shaka mengi. Shaaban tunamjua ni mtu wa maadili na dini yake. Alimfuata Khayyam wa nini? Naona alifuata ufundi, na pia ujasiri wa kuuliza. Angesoma watu wa fikra zake tu, angeishia kujirudia.

Kisha kuna Siti. Mama huyu alizaliwa Fumba, Unguja, katika nyumba ya wafinyanzi, akachuuza vyungu mjini. Hakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1928 alivuka bahari mpaka Bombay kurekodi santuri za taarabu kwa Kiswahili. Karani mwenye vitabu vyake akakaa chini kuandika maisha ya mwimbaji asiyejua herufi. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko sifa zote alizomwagia, maana hapo mwandishi anakiri kwamba lugha anayoitumia wapo wengine walioinoa kabla yake.

Lakini hapo hapo ndipo ninapogombana naye. Shaaban anapenda mno kuusia. Ananiambia Siti alikuwa na subira na heshima, sawa, nimekubali. Mimi nilitaka pia kujua wimbo ulizaliwaje kati yake na wapigaji wake, nani alileta neno, nani alilikataa. Mwalimu amesimama mbele ya fundi, mkono wa fundi hauonekani vizuri. Linganisha na Maisha Yangu, pale anapofiwa na mkewe Amina. Pale msiba unamkuta nyumbani, watoto wanataka malezi, na usia anaomtungia binti yake una joto kwa sababu tunajua pengo lililouzaa. Usia ule ule, ukipata chanzo chake, unaacha kuwa hotuba.

Nayasema haya kwa ajili yetu. Mashairi yetu mengi ya mapenzi yanafanana kama sare za shule, kwa kuwa tunasomana sisi kwa sisi tu. Tunalia hatuna kazi, hatuna mchapishaji, na ni kweli hatuna. Ila ajira ikipatikana kesho, je, kalamu itakuwa na cha kula? Wakati tunangoja, yupo mzee wa gati mwenye misemo, ipo tafsiri ya zamani inayooza maktabani, yupo bibi anayejua nyimbo za unyago ambazo hakuna aliyewahi kumwuliza.

Riwaya yangu ina sura tatu. Ya nne ni ya mama muuza vitumbua, na nimeiacha tupu makusudi. Kwanza nikakae jikoni kwake alfajiri, nimsikie anavyosema na mkaa unaokataa kushika. Kibarua cha mchana nitakifanya kama kawaida.