Mabaki Yameshuka, Joto Limekwenda Wapi?

Maji nusu kilo kwa sekunde yanapita kwenye tundu lililotobolewa ndani ya bonge la alumini. Chini yake kuna hita ya kilowati 20, na pande nyingine zimezibwa ili joto lisitoroke. Kilo moja ya maji huhitaji takriban jouli 4,180 kupanda nyuzi 1 ya Selsiasi, kwa hiyo maji haya lazima yatoke yakiwa yamepanda nyuzi 9.6 hivi. Sasa chukulia programu ya kukokotoa mtiririko imetangaza kwamba imemaliza kazi, grafu zote zimeteremka, lakini maji yamepanda nyuzi 6 tu.

Wati 7,460 hazijulikani ziliko.

Programu nyingi za aina hii hugawa eneo zima katika visanduku vidogo, kisha husawazisha kinachoingia na kinachotoka katika kila kimoja. Jibu halipatikani kwa mkupuo mmoja. Kompyuta hukisia, husahihisha, hurudia. Utaratibu wa SIMPLE, uliochapishwa mwaka 1972 na Suhas Patankar na Brian Spalding wa Imperial College, London, ungali msingi wa programu nyingi: upungufu wa tungamo hutumika kusahihisha kanieneo, na kanieneo kusahihisha kasi. Kasoro inayosalia baada ya kila duru ndiyo mabaki; huchorwa kwenye grafu, na yakishuka chini ya kiwango kilichowekwa, hesabu husimama.

Hapo ndipo joto lilipopotelea. Gawanya wati 7,460 kwa visanduku milioni 1: kila kimoja kina kasoro ya wati 0.0075, kiasi ambacho grafu haikioni. Kasoro hizo zingekuwa nyingine chanya na nyingine hasi, zingefutana. Lakini alumini ilianza hesabu ikiwa baridi, na joto husafiri ndani yake polepole, duru kwa duru. Karibu kila kisanduku cha alumini bado kinapokea zaidi ya kinachotoa, kwa hiyo kasoro zote zinajumlishana.

Kiwango chenyewe pia kina mtego. Katika programu ya Ansys Fluent, kigezo cha kawaida ni 0.001 kwa milinganyo mingi na 0.000001 kwa nishati, na mabaki ya tungamo hugawanywa kwa thamani kubwa kabisa ya duru 5 za kwanza. Anayeanza na makisio mabaya hupata kigawanyo kikubwa, na grafu yake huporomoka kwa urahisi. Aliyeanza karibu na jibu sahihi anaweza kusubiri bure. Kusimamisha kazi kwa namba hiyo peke yake ni uzembe, hasa pale jibu litakapoamua unene wa bomba au ukubwa wa pampu.

Dawa ni kujumlisha mipakani: kilo zinazoingia dhidi ya zinazotoka, wati za hita dhidi ya wati zinazobebwa na maji. Wahandisi wengi hutaka tofauti isizidi asilimia 1, huku joto la mlango wa kutokea likiwa limetulia. Kutulia pekee hakutoshi, maana kipimo cha kupunguza masahihisho kikiwekwa chini mno, namba huonekana zimesimama kumbe zinatambaa. Kwa bonge la alumini, hatua ya muda, yaani muda unaochukuliwa kupita katika kila duru, huongezwa upande wa alumini na hesabu huachwa iendelee hadi wati zitimie.

Zikishatimia, bado kuna swali la ukubwa wa visanduku: vikubwa mno husawazisha joto lote barabara, na bado hukosea mahali ambapo alumini ina joto kali zaidi.