Majumba Yaingiwe kwa Milango Yake: Sheria ya Usalama wa Taifa katika Mizani ya Fiqhi

Tuanze na mfano. Mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, anafunga duka lake baada ya Isha. Asubuhi anakuta kufuli ni zima na bidhaa zote zipo. Kumbe usiku watu wa usalama wamefungua, wamepekua daftari la wadeni, wamepiga picha barua zake pamoja na hati za wakfu alizowekewa amana na msikiti wake, kisha wamefunga kama walivyokuta. Yeye hajui, na asiyejua hashitaki. Basi nani atamsemea?

Hatudai kwamba jambo hili limemfika fulani. Tunachohakiki hapa ni sheria, na sheria hupimwa kwa yale inayoyazuia na yale inayoyaacha wazi.

Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 inalinda nafsi ya mtu, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Aidha, inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kisheria kuhusu hali, namna na kiasi ambacho haki hiyo yaweza kuingiliwa. Kwa polisi utaratibu huo upo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inazungumzia hati ya upekuzi, inaelekeza hati hiyo itekelezwe mchana isipokuwa mahakama ikiruhusu vinginevyo, na inataka vitu vikichukuliwa itolewe stakabadhi yenye saini ya mwenye mahali na mashahidi. Ipo ruhusa ya dharura, lakini hata hapo polisi anaonekana. Akidhulumu, aliyedhulumiwa anajua wa kumshitaki.

Sasa tuitazame Sheria ya Idara ya Usalama wa Taifa, Na. 15 ya mwaka 1996. Tuikiri fadhila yake: iliweka kazi za Idara katika maandishi. Kifungu chake cha 5 kinasema si kazi ya Idara kumfuatilia mtu kwa sababu tu ya kushiriki katika upinzani halali juu ya Katiba, sheria au Serikali. Hilo ni neno jema. Lakini katika kuisoma hatukuona mahali inapomlazimisha afisa kupata idhini ya jaji kabla ya kuingia kwa siri nyumbani mwa mtu, wala chombo huru cha kukagua kazi hiyo baadaye. Bunge lina Kamati ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama, lakini kujadili sera na bajeti si sawa na kukagua faili la operesheni. Kisha marekebisho ya mwaka 2023 yakawapa maafisa kinga dhidi ya mashtaka kwa wanayoyatenda katika majukumu yao. Yaani kinga imetangulia, usimamizi haujafika.

Fiqhi yasemaje? Qur'an imekataza kupelelezana (49:12), imekataza kuingia nyumba za watu bila idhini na salamu (24:27), na imeamrisha majumba yaingiwe kwa milango yake (2:189). Imam al-Ghazali katika Ihya anakitaja kisa cha Sayyidna Umar (R.A.) kupanda ukuta na kumkuta mtu katika maasi. Mtu yule alimjibu kuwa yeye amekosa mara moja, na Khalifa amekosa mara tatu, akamtajia makatazo hayo matatu. Umar akamwacha. Hata kama isnadi ya kisa ina mjadala, hoja yake imesimama juu ya Aya.

Wapo watakaotuuliza: mmesahau tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa hapa hapa Dar es Salaam na watu 11 wakafa? Hatujasahau, na fiqhi haikuipuuza hoja hiyo. Al-Mawardi (aliyefariki mwaka 450 Hijria), katika al-Ahkam as-Sultaniyya, anamruhusu msimamizi wa hisba kupeleleza pale mtu mkweli anapomhabarisha kwamba fulani amejitenga na mtu ili amuue, kwa kuwa damu ikishamwagika hairudi. Chini ya hapo, anakataza. Dharura hukadiriwa kwa kiasi chake: iwe habari ya kuaminika, na madhara yasiyorekebishika.

Lakini nani atapima kama kiasi hicho kimevukwa? Al-Mawardi huyo huyo, katika mlango wa mazalim, anaeleza kuwa dhulma ya watawala kwa raia inachunguzwa na msimamizi wa mazalim bila kungoja mlalamikaji. Hili ndilo jibu la mfano wetu wa Kariakoo. Haki inayongoja malalamiko haimfai mtu asiyejua kuwa ameingiliwa.

Wengine walilijua hili kwa gharama. Nchini Kanada, kikosi cha usalama cha polisi kiliingia kwa siri ofisi za shirika la habari mjini Montreal mwaka 1972, na mwaka 1973 kikachukua kwa siri orodha ya wanachama wa chama halali, Parti Québécois. Tume ya Jaji McDonald ilichunguza kuanzia 1977 hadi 1981. Sheria ya mwaka 1984 ikaunda idara mpya, ikataka hati ya jaji, na ikaweka kamati huru ya ukaguzi. Idara hiyo ingali inafanya kazi.

Wala jaji si mtoboa siri. Sheria yetu wenyewe ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002, pamoja na ukali wake, inataka amri ya mahakama katika kunasa mawasiliano, na ombi husikilizwa bila mlengwa kuwapo. Ikiwa simu ina jaji, kwa nini nyumba isiwe naye?

Tunapendekeza mambo matatu: idhini ya jaji kabla ya kuingia, mkaguzi huru asiyengoja mlalamikaji, na mwenye nyumba aarifiwe hatari ikishapita. Maimamu na waulizeni wabunge wenu hayo kwa adabu na kwa hoja. Nasi pia tujihadhari: makatazo ya 49:12 yameanza na dhana. Tusimwite kila mgeni katika safu kuwa ni jasusi, wala tusipeleke habari za ndugu zetu tusizozihakiki. Tunaoomba wengine wapite mlangoni, nasi tupite humo humo.

Wallahu a'lam.