Sifa za Mpima Mionzi

Katika chumba cha eksirei cha hospitali moja ya pwani, wakati wa alasiri, wagonjwa walipokwisha kuhudumiwa na benchi la barazani kubaki tupu, nilimtazama mzee mmoja akipanga sarafu juu ya meza ambayo mchana kutwa ililaliwa na watu. Aliwasha taa ya mashine, nuru ikaangukia juu ya kaseti kwa umbo la mraba, naye akaziweka sarafu zake jozi jozi katika pande nne za mraba ule, moja ndani ya mpaka wa nuru na mwenzake nje, zikigusana juu ya mpaka wenyewe. Kisha akaenda nyuma ya ukuta uliotiwa risasi, akabonyeza, akarejea kuisoma picha. Katika pande tatu mambo yalikuwa sawa. Upande wa nne, sarafu ya nje, ambayo haikupasa kuonekana, ilionekana nzima, na mionzi ilikuwa imeipita kwa upana wa kidole. Taa inayomwonyesha mpiga picha mahali pa kulenga, na mionzi yenyewe isiyoonekana kwa macho, zilikuwa zimeachana njia, na kanuni iliyozoeleka haiziruhusu kuachana zaidi ya sentimita 2 kwa kila mita 1 ya umbali.

Kijana wa zamu, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa adabu, akauliza, "Lakini Mzee, mbona picha zinatoka safi?"

"Zinatoka safi, mwanangu," akajibu mzee pasipo kuinua uso. "Ila mtoto aliyeletwa leo kupigwa kifua amepigwa na tumbo, wala mama yake hajui."

Imo ndani ya jibu hilo dhima yote ya mtaalamu wa fizikia tiba, mtu ambaye wagonjwa hawamwoni, waganga aghalabu hawamjui kwa jina, na wahasibu humkumbuka pale tu wanapotafuta fungu la kupunguza. Huja na sanduku lake la vyombo, akaipima nguvu ya umeme inayoizaa mionzi, kama kilovolti 80 zilizoandikwa juu ya kitasa ndizo kilovolti 80 zinazotoka. Akapanga vipande vyembamba vya alumini kimoja juu ya kingine mpaka mionzi ipungue nusu, apate kujua kama ile iliyo dhaifu, ambayo huishia ndani ya ngozi pasipo kuifikia picha, imechujwa ipasavyo. Akarudia kipimo kilekile mara kadhaa ili aone kama mashine ni mkweli wa kauli moja au ni kigeugeu. Kazi yake ni ya yule mkaguzi wa mizani sokoni, ambaye asipopita, kila muuzaji hubaki na ratili yake mwenyewe na kila mnunuzi huibiwa asijue, tofauti ikiwa kwamba hapa kinachopimwa huingia katika damu na mifupa ya mnunuzi.

Wala si jambo dogo kwamba katika watu wote wanaokaribiana na mionzi hospitalini, mgonjwa peke yake hakuwekewa ukomo. Mfanyakazi wa chumba cha eksirei amewekewa milisiveti 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka 5. Mpita njia aliye nje ya ukuta amewekewa milisiveti 1. Mgonjwa hakuwekewa kiasi chochote, na hilo lilifanywa kwa hekima, maana kiasi kinachotosha kuokoa uhai wa huyu hakimtoshi yule, na haifai tabibu afungwe mikono na tarakimu. Badala ya ukomo alipewa ahadi mbili: kwamba hatapigwa picha ila kwa sababu ya haki, na kwamba akipigwa, mionzi haitazidi ile inayotosha kuonyesha kinachotafutwa. Ahadi ya kwanza iko mikononi mwa mganga. Ya pili haina mlinzi wa hakika zaidi ya mtu mwenye chombo cha kupimia na dhamiri ya kukisoma kwa insafu.

Zamani mlinzi huyu alikuwa na msaidizi, naye alikuwa filamu yenyewe. Waliowahi kuingia katika chumba cha giza cha hospitali zetu watakumbuka taa yake nyekundu, harufu kali ya dawa iliyokaa kooni mpaka jioni, matone yakidondoka kutoka kwenye filamu zilizoning'inizwa zikauke, na yule mpiga picha aliyeinyanyua filamu mbichi kwa ncha za vidole akaielekeza kwenye sanduku la mwanga, huku uso wake ukibadilika kabla hajasema neno. Maana filamu haikuficha taksiri ya mtu. Ukitia mionzi kidogo ilitoka imepauka. Ukizidisha ilitoka nyeusi tititi, nawe ukasimama mbele ya wenzako na ushahidi mkononi, ukalazimika kumwita mgonjwa tena na kumwomba radhi. Filamu zilizoharibika ziliwekwa katika boksi lake, na mwisho wa mwezi mkuu wa chumba alizihesabu moja moja, akauliza ipi ilikuwa ya nani na kwa nini. Aibu ile ilifundisha mikono ya watu wengi kuwa na kiasi.

Sasa filamu imeondoka, na tarakilishi iliyokuja mahali pake imekuja na neema nyingi ambazo mwenye akili hawezi kuzikana. Lakini imekuja pia na tabia moja ya hatari, nayo ni kusamehe. Ukizidisha mionzi maradufu, kompyuta huipunguza weusi picha na kuikabidhi kwa daktari ikiwa nzuri, tena nzuri kuliko ile iliyopigwa kwa kiasi. Ukipunguza mno, picha hujaa chengachenga na daktari hulalamika. Basi kijana hujifunza pole pole, bila kufundishwa na mtu, kwamba kupunguza huleta lawama na kuzidisha huleta sifa, na siku hata siku kipimo hupanda, na hakuna aliyekusudia ubaya. Ule ushahidi uliokuwa ukijitokeza wenyewe umenyamazishwa, na wakati huohuo ambapo mashahidi wamepungua, ndipo tulipoona inafaa kupunguza na wakaguzi.

Wenye kazi hii ya kale walijua thamani ya hadhari kwa kuwa waliinunua ghali. Wilhelm Röntgen aliigundua mionzi mjini Würzburg tarehe 8 Novemba 1895, akakataa kuifanyia hataza ya kujitajirisha, na kabla mwaka mpya haujaanza alikuwa ameupiga picha mkono wa mkewe, mifupa na pete vikaonekana. Furaha iliyofuata haikuwa na mizani. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison huko Marekani, aliyezoea kuijaribu mionzi kwa mikono yake mwenyewe, alikatwa mikono na hatimaye akafa mwaka 1904; na mjini Hamburg lilisimamishwa mwaka 1936 jiwe la ukumbusho lenye majina 169 ya madaktari, wanafizikia, mafundi na wauguzi wa mataifa mbalimbali waliouawa na mionzi waliyoitumikia. Mwaka 1928, katika mkutano wa Stockholm, ndipo wataalamu wa dunia walipounda kamati ya kuweka kanuni za kinga. Hata majina ya vipimo tunavyovitamka leo, grei na siveti, yametokana na Louis Harold Gray wa Uingereza na Rolf Sievert wa Uswidi, watu wawili waliotumia elimu yao ya fizikia katika hospitali, pembeni mwa wagonjwa wa saratani.

Bara letu nalo lina hisa katika sifa hii, na kisa chake napenda kukisimulia kwa wasaa. Mwaka 1955 hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, iliondokewa na mwanafizikia wake. Na kwa kuwa sheria ya nchi haikuruhusu vitu vya mnunurisho kutumiwa pasipo usimamizi wa mwanafizikia aliyehitimu, hospitali ikamwazima Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Cape Town, awe akija siku moja na nusu kwa juma. Mtu mwingine angeliichukua kazi ile kuwa ya kutia sahihi. Yeye alisimama akatazama jinsi matibabu ya mionzi yalivyopangwa, akaona kwamba mwili wa binadamu ulihesabiwa kana kwamba ni kitu kimoja chenye uzito sawa kila mahali, ilhali mapafu si mfupa na mfupa si nyama. Akajiuliza itawezekanaje kuujua undani wa mwili kwa kuupima kutoka nje, pande zote. Akaandika hesabu zake, akatengeneza mfano wa duara wa alumini uliozungukwa na mbao, akapitisha mionzi ndani yake na kuandika alichopata.

Hapo pana jambo dogo ambalo kila mwenye kazi hii anapaswa kulijua. Katika vipimo vyake, nukta tatu zilizo karibu na kitovu cha ile alumini hazikulingana sawasawa na nyingine. Tofauti ilikuwa ndogo, ya kupuuzika, na mtu mwenye haraka angeliipuuza. Cormack alikwenda karakana kuuliza, akaambiwa kwamba katikati ya alumini ile palikuwa na kijiti cha alumini nyingine, iliyozuia mionzi kidogo kuliko iliyoizunguka. Chombo chake kilikuwa kimeona ndani ya chuma kitu ambacho yeye mwenyewe hakujua kuwa kimo. Alichapisha kazi yake mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyeijali; mwaka 1979 alishirikiana na Godfrey Hounsfield, mhandisi Mwingereza, kupokea Tuzo ya Nobel kwa ajili ya mashine ya siti skani, ambayo leo huwapiga picha za vipande vipande mamilioni ya watu. Chanzo cha mchango wa Cormack ni sheria moja iliyotaka awepo mwanafizikia hospitalini, na mwanafizikia mmoja aliyeitii sheria hiyo kwa moyo wake wote.

Nami huhuzunika nikiona jinsi mashine ile ile, iliyozaliwa na umakini wa namna hiyo, inavyoweza kuendeshwa kwa kughafilika. Siti skani moja ya tumbo humpa mgonjwa mionzi inayozidi ile ya picha moja ya kifua mara mia na zaidi, kwa hiyo kosa lake halina udogo. Mwaka 2009 ilijulikana kwamba katika hospitali moja ya Los Angeles, mji wenye mali na wataalamu tele, wagonjwa 206 waliopigwa picha za ubongo walikuwa wamepewa takribani mara nane ya kipimo kilichokusudiwa, kwa muda wa miezi kumi na minane. Picha zilitoka safi. Kosa lilifichuka pale mgonjwa aliposema kwamba nywele zake zimenyonyoka. Miezi yote ile mwili wa mgonjwa ndio uliofanya kazi ya chombo cha kupimia.

Huku kwetu sheria hazikukosekana. Tanzania ilitunga sheria ya kinga dhidi ya mionzi mwaka 1983, na Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2003 ikaleta Tume ya Nguvu za Atomiki. Kenya nayo, mwaka 2019, iliipa mamlaka yake ya udhibiti wa nyuklia sura mpya kwa sheria. Kinachopungua ni moyo wa kuzipokea. Nimeona cheti cha ukaguzi kimetiwa katika fremu ya kioo na kutundikwa ukutani kwa taadhima, na chini yake aproni ya risasi imekunjwa na kutupwa juu ya kiti, ilhali anayeijua kazi anafahamu kwamba aproni hutundikwa isikunjwe, kwa sababu penye kunjo risasi hupasuka ndani kwa ndani, nguo ikabaki nzuri kwa nje, na muuguzi akaivaa akidhani amestirika. Yule mzee wa sarafu huzitandaza aproni moja moja chini ya mionzi na kuzitafuta nyufa hizo. Aliyoikuta mbovu huikata kwa mkasi papo hapo, ili asije mtu akaionea huruma na kuirudisha kazini.

Elimu hii haipatikani kwa kubonyeza. Huanza kwa miaka ya chuo, kisha hukamilishwa kwa kukaa chini ya mkubwa wa kazi, kumtazama anavyokishuku chombo chake mwenyewe kabla ya kuishuku mashine, na kujifunza ujasiri wa kuandika "isitumike" juu ya mashine inayongojewa na foleni, huku mkuu wa hospitali amesimama mlangoni. Wazee wa namna hiyo wanastaafu, na vijana walio hodari huvutwa na kazi zenye jina na malipo. Mashine mpya inapowasili, mfadhili hushukuriwa, mgeni rasmi hukata utepe, na bei hutajwa kwa fahari mbele ya wananchi. Fungu la kuipima mwaka hadi mwaka halitajwi, na mara nyingi halipo.

Mgonjwa hawezi kuona mionzi iliyozidi, wala haumwi siku ile, na madhara yakija baada ya miaka hatakuwa na njia ya kujua yalitoka wapi. Kwa hiyo haki hii hataidai kamwe. Ni juu yetu sisi tunaojua kumdaia. Hospitali isiyoweza kumlipa mtu wa kuipima mashine yake bado haijaimudu bei ya mashine hiyo, na sehemu iliyobaki ya bei hulipwa na mgonjwa, kwa mwili wake, bila kuulizwa.