Zabibu, Tembo na Kifuu cha Nazi

Kuna msumari mmoja ambao mpaka leo unanikosesha raha. Uko kwenye ngazi ya mbao, ndani ya A Quiet Place, filamu ya John Krasinski ya mwaka 2018. Mama mjamzito anapandisha mfuko wa nguo kutoka chumba cha chini, mfuko unanasa, anauvuta, na msumari unasimama wima, ncha juu. Yeye hauoni. Sisi tunauona. Dunia yao imevamiwa na viumbe wasioona, wanaowinda kwa masikio tu, kwa hiyo watu wanatembea peku kwenye njia zilizomwagwa mchanga na wanaongea kwa lugha ya alama. Tangu hapo, kila mtu akiikaribia ile ngazi, mimi huku kwenye kochi nakunja vidole vya miguu.

Mara ya kwanza niliitazama kama ninavyotazama muvi zote: steringi atafanyaje, adui atakufa vipi. Mara ya tatu nilivaa hedifoni, nikazima taa, nikafumba macho. Mke wangu aliniuliza kama nimelala. Nilikuwa nasikiliza.

Nikagundua kuwa nilichokuwa nakiita kimya kimejaa vitu. Upepo unapita kwenye mahindi. Mbao za sakafu zinapokea uzito wa mwili, polepole, kisigino kwanza. Mtu anameza mate. Ethan Van der Ryn na Erik Aadahl, walioongoza kazi ya sauti, walipunguza kelele moja baada ya nyingine mpaka sikio la mtazamaji likaanza kutafuta lenyewe, na ukishaanza kutafuta, umeshaingia kwenye mtego wao. Kikombe kikigusa meza unashtuka kama bunduki imelia.

Kisha yuko binti wa ile familia, anayeigizwa na Millicent Simmonds, ambaye ni kiziwi kweli, si wa kuigiza. Kamera ikimsogelea, sauti za dunia zinazama, unabaki mvumo wa chini, kama umetumbukiza kichwa kwenye pipa la maji. Kifaa chake cha kusikilizia kikizimwa, hata mvumo unaondoka. Sifuri kabisa. Mafundi wa sauti kwa kawaida hawaachi sifuri. Hata chumba kitupu hupewa pumzi yake, maana ukimya mtupu humfanya mtazamaji adhani mtambo umeharibika. Mimi mwenyewe nilishika waya wa hedifoni kuhakikisha haujakatika. Walijua hatari hiyo, na bado wakathubutu, tena zaidi ya mara moja.

Na wale viumbe, wanapogeuza kichwa wakikutafuta, hutoa mlio wa kukatika-katika, kama mtu anavunja vijiti vibichi ndani ya koo. Mlio huo umetokana na zabibu. Mafundi walichukua kile kifaa cha kupigia watu shoti ya umeme, wakaipiga zabibu, wakarekodi, kisha wakaipunguza kasi ile rekodi. Nikipita sokoni siku hizi na kuona zabibu za Dodoma zimepangwa kwenye ungo, naziangalia kwa adabu mpya.

Ufundi huu una mababu zake. Jack Foley, wa studio ya Universal, alianza mwishoni mwa miaka ya 1920, filamu zilipoanza kusema, kazi ya kutembea mbele ya maikrofoni huku akitazama picha, ili hatua za mwigizaji zisikike. Jina lake limebaki kuwa jina la kazi yenyewe. Farasi wengi wa sinema ni vifuu viwili vya nazi vikigongwa kwa mpangilio. Kifuu kilekile ambacho kwetu kingetiwa mpini kikawa kata ya kuchotea maji. Theluji inayolia chini ya viatu mara nyingi ni konfulawa ndani ya mfuko wa ngozi. Halafu yuko Ben Burtt wa Star Wars, 1977, ambaye ndege za kivita za upande wa maadui alizipa mlio wa tembo uliochanganywa na gari linalopita kwenye lami yenye maji. Abiria yeyote wa basi la Mbeya aliyekatiza mbuga ya Mikumi siku ya mvua angeweza kumtajia siri yake.

Naona hapa ndipo hadithi za kisayansi zinapowapa mafundi kazi ngumu kuliko filamu nyingine. Mlango ukifungwa, sote tunajua unavyolia. Je, chombo kinachoruka kwa kupiga mabawa kama kereng'ende, kwenye sayari isiyokuwepo? Katika Dune ya Denis Villeneuve, 2021, Mark Mangini na Theo Green walikataa kukimbilia milio ya kompyuta. Wakatafuta vitu vyenye uhai au vyenye uzito: mabawa ya mdudu, paka anayekoroma kwa raha. Mchanga wa sayari ile una kiungo cha thamani ndani yake, na ili usikike ukipasuka-pasuka chini ya mguu waliuchanganya na Rice Krispies, ile nafaka ya mchele inayolialia ukiimwagia maziwa. Nayo ile sauti ya amri, inayomlazimisha mtu kutii kabla hajafikiri, wameiwekea chini yake sauti za wanawake wazee, kana kwamba bibi wote wa msemaji waliotangulia wanasema pamoja naye. Ukiisikia kwenye spika nzuri, unahisi imetokea nyuma ya kiti chako. Filamu hiyo ilipata Oscar ya sauti, na sehemu yake ya pili, ya 2024, ikaipata tena.

Gravity ya Alfonso Cuarón, 2013, ilifanya kinyume. Angani hakuna hewa ya kubeba sauti, basi mitambo inasambaratika mbele ya macho yako bila mlio, na unasikia tu kile ambacho mikono ya mwanaanga imekigusa, kwa mtetemo uliopita kwenye glavu. Muziki ndio unaofanya kazi ya mlipuko. Ni wazo zuri ambalo nililielewa kichwani kuliko nilivyolisikia moyoni.

Lakini nikilazimishwa kuchagua dakika chache tu za kumwonyesha mtu asiyeamini ninayosema, siendi angani. Naenda kwenye chumba cha hoteli katika No Country for Old Men ya ndugu wawili, Joel na Ethan Coen. Ni ya 2007, si mpya, ila zile mpya nyingi ninazozipenda zimesoma kwake. Mtu amekaa kitandani na sanduku la fedha zisizo zake. Anapiga simu mapokezi. Unaisikia ikiita kwenye mkono wa simu, na wakati huohuo unaisikia ikiita kule chini, kwa mbali, kupitia sakafu. Hakuna anayeipokea. Hakuna maneno ya kukueleza kilichompata mhudumu. Simu mbili ambazo ni simu moja zimeshakwambia. Anazima taa. Hatua zinakuja kwenye korido. Chini ya mlango, kwenye mstari wa mwanga, vivuli viwili vya miguu vinasimama, kisha vinaondoka. Halafu kimlio chembamba, kama kitu kinazungushwa: balbu ya korido inafunguliwa. Mwanga unakufa. Hakuna muziki hata kidogo. Carter Burwell, mtunzi wa muziki wa filamu ile, ana muziki mchache mno humo, na nadhani kukubali kukaa pembeni kiasi hicho kunahitaji moyo kuliko kuandika wimbo mzito.

Nasema hivyo kwa sababu filamu nyingi za kusisimua za sasa haziniamini. Paka akiruka, ngoma. Mlango ukifunguka, ngoma kubwa zaidi, ile inayotikisa vioo. Hata A Quiet Place yenyewe ina sehemu ambazo ningeomba muziki unyamaze uniachie mimi na ule msumari.

Sasa, mimi ni mtoto wa vibanda umiza. Nilianza sinema kwenye mabenchi, jenereta nje, sabufa ndani, na sauti ya mtafsiri juu ya kila kitu. Kina Lufufu kwa huku Tanzania, na DJ Afro kwa majirani zetu Kenya, ndio waliotufanya tumwelewe steringi kuliko alivyojielewa, na mtafsiri hanyamazi. Kunyamaza ni kumdhulumu aliyelipa kiingilio. Kwa hiyo nilipokuta kibanda kimoja Mbagala kinaonyesha A Quiet Place iliyotafsiriwa, niliingia kwa shari kidogo, nione watakavyoiharibu.

Mtafsiri aliongea kweli. Baba wa familia alimwita Mzee Polepole. Aliwasema watoto, aliulaani msumari. Tukafika pale mama amekaa kwenye beseni la kuogea, uchungu umemshika, kiumbe yuko ndani ya nyumba, na yeye hawezi kulia. Mtafsiri akashusha sauti mpaka ikawa mnong'ono. "Jamani," akasema, "hapa na mimi nanyamaza." Na akanyamaza. Ndani ya kibanda ikabaki feni, na nje mafuta ya mama wa mihogo yakichemka kwenye karai. Kijana wa benchi la mbele akainuka, akachungulia mlangoni, akamtazama yule mama na kuweka kidole mdomoni.